Mkwe Hayumo kwenye Tamthilia

Nimefundisha tamthilia za mapenzi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na bado sijazizoea. Kila mwaka ni yale yale. Kijana anamwona binti dirishani, anaacha kula, anatoka nje usiku kuongea na mwezi. Kwa baridi hii ya Mbulu hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoka nje kuongea na mwezi. Lakini mtaala ni mtaala, na mimi ndiye mwalimu wa Sanaa za Maonesho katika chuo chetu cha ualimu, kwa hiyo kila mwaka nafungua kitabu, navuta pumzi, nawaambia wanachuo kwamba leo tutazungumzia mapenzi. Wanacheka. Nasubiri wamalize.

Mwaka ninaousimulia tulipangiwa komedi ya zamani ya Ulaya, iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa kuvaa kofia zenye manyoya. Hadithi yenyewe si ngumu. Tajiri mmoja ana binti, na wanaume wawili wanamtaka. Wa kwanza ni bwana mkubwa mwenye maneno matamu, ila ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba maneno yote yanamhusu yeye mwenyewe: macho yake, sauti yake, jinsi moyo wake unavyojua kuumia. Wa pili anachunga kondoo. Huyu hasemi kitu. Anatengeneza uzio wa yule binti, anarudisha kondoo wake waliopotea, kisha anaondoka zake. Pembeni kuna mpishi na mjakazi wanaotukanana tangu pazia linapofunguliwa, na kila mtu isipokuwa wao anajua watakapoishia. Yupo pia binamu wa binti, ambaye anampenda kila mwanaume anayepita barabarani.

Mwishoni tajiri anachoka na kelele. Anawafunika wachumba wote wawili gubigubi, wanaonekana sawasawa, na wamekatazwa kufungua midomo. Binti anaachwa nao peke yake na anaambiwa amtaje kwa jina yule anayemtaka. Atakayetajwa atajifunua, na huyo ndiye atakayemuoa. Ndiyo komedi yote hiyo.

Niliigawa ubaoni, kama tunavyotakiwa kufanya. Mapenzi ya macho, hayo ya binamu. Mapenzi ya mdomo, ambayo kwa kweli ni ya mtu kujipenda mwenyewe. Mapenzi ya ugomvi, mpishi na mjakazi. Mapenzi ya kimya, ya mchunga kondoo. Nikageuka nikiwa nimeridhika na mwandiko wangu, nikakuta mkono umenyooshwa nyuma kabisa ya darasa.

Aliyenyoosha alikuwa mke wa mtu, Mbarabaig kutoka tambarare za Hanang, mmoja wa wachache wa kabila lake waliowahi kufika chuoni kwetu. Alikuwa haongei mara kwa mara. Akiongea, sauti yake ilifika kila pembe bila kupazwa, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe waliokwenda mbali.

"Madam," alisema, "mkwe yuko wapi?"

"Mkwe gani?"

"Huyu binti anaolewa. Baba wa mume yuko wapi? Sijamwona humu."

Darasa likacheka. Mimi nikamkumbuka mama mkwe wangu kule Maretadu, ambaye kila baada ya mavuno hunitumia gunia la maharage kwa basi, pamoja na ujumbe kwamba safari hii nisiyapike kama nilivyoyapika mwaka jana. "Mkwe tumwache nyumbani," nikamjibu. "Hapa tunaongelea mapenzi."

Akaketi. Uso wake ulionesha kwamba hakukubaliana nami, lakini alikuwa na adabu, hakusema tena.

Inabidi nieleze alifikaje chuoni, kwa sababu ndicho kilichonipandisha presha muhula mzima. Mume wake anachunga. Alipoomba kusoma ualimu, wajomba na baba wadogo wa mume walikataa, wakasema mke hapelekwi shule, mke analetwa nyumbani. Baba mkwe wake alisimama peke yake mbele ya ndugu zake, akasema aende. Akaongeza kwamba akirudi na cheti, wasichana wengine wa boma lile nao watasoma. Akirudi mikono mitupu, yeye hatalizungumza tena suala la shule mpaka anakufa. Kulikuwa na wasichana wawili, watoto wa shemeji yake, waliokuwa wanasubiri jibu hilo huku wanachunga ndama. Hayo yote aliniambia siku ya kwanza nilipomuuliza kwa nini anasoma mpaka macho yanakuwa mekundu. Na alama kubwa ya somo langu hutoka kwenye onesho la mwisho, mbele ya mtahini anayetoka nje. Ukishindwa hapo, cheti kisahau.

Basi mimi nikajiona mjanja. Kwa kuwa watazamaji wetu hawajui kondoo wa Ulaya, nilimgeuza yule kijana akawa mchunga ng'ombe. Nikampa jina la kwetu, jina la tambarare za Hanang, linalojulikana kiasi kwamba ukiliita mnadani wanageuka wanaume kadhaa. Nilifanya hivyo kwa ajili yake huyu dada, ajisikie nyumbani. Nikampa nafasi ya binti tajiri, kwa ajili ya ile sauti. Nikapiga chapa maandishi, nikayatuma kwa watahini pamoja na majina ya washiriki, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya kusoma kwa mara ya kwanza alisoma vizuri mno. Alipofika kwenye jina la kijana akaruka, akaendelea. Nilidhani karatasi yake imefifia. Nikampa ya kwangu. Akasoma, akafika pale pale, akasema "yule kijana wa ng'ombe."

"Soma kilichoandikwa," nikasema.

"Nimesoma, Madam."

"Hujasoma jina."

Akainamisha kichwa. Wenzake wakaanza kutazamana. Nikawaruhusu wakanywe chai, yeye nikambakiza.

"Madam, hilo ni jina la baba mkwe wangu," akasema.

"Basi vizuri, hutalisahau."

"Sisi hatulitaji."

Nilikuwa nimelisikia jambo hili tangu utoto, jinsi mtu anavyosikia habari za jirani. Sisi Wairaqw na wao tumekaa karibu tangu zamani, tukigombana na kuoana, na kila mtu huku juu anajua kwamba mwanamke wa Kibarabaig halitaji jina la baba wa mume wake, wala la ndugu za huyo baba, wala la wazee waliotangulia. Hata neno la kawaida likikaribiana na jina hilo analizunguka, anatafuta neno lingine. Nilijua. Sikutegemea tu kwamba litanifuata mpaka ndani ya darasa langu, kwenye kitabu cha watu wenye kofia za manyoya.

Sikutaka makuu. Nikabadilisha jina. Nikachagua lingine la huko huko tambarare, fupi, zuri. Akalisoma kimoyomoyo, akatikisa kichwa. Lilikuwa la marehemu babu wa mume. Nikahamia kwenye Biblia, nikachukua jina la mtume, nikajua hapa nimemaliza kazi. Akaniambia, kwa upole uleule, kwamba linaanza kama jina la baba mdogo wa mume, yule mkali.

"Ukoo gani huu uliomaliza majina yote ya duniani?" nikamuuliza.

Alicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Ni mkubwa, Madam."

Kabla sijapata jina la nne, watahini wakanipigia simu. Mkuu wa idara yangu, mtu mwema anayependa kuuliza asichotakiwa kuuliza, alikuwa amewaandikia kuwaomba ruhusa ya mabadiliko. Jibu likawa kwamba onesho lifuate maandishi yaliyowasilishwa, na washiriki wawe wale wale waliowasilishwa. Tukarudi kwenye jina la kwanza, la mzee mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoanza kuvutana, mimi na yeye, karibu kila jioni baada ya mazoezi. Nilijaribu kila mlango. Nikamwambia hili ni igizo, anayetaja jina si yeye, ni yule binti wa kwenye kitabu. Akasema mdomo ni wake. Nikamwambia kuna wanaume wengi wenye jina hilo, asimfikirie baba mkwe, amfikirie mwingine. Akasema hamjui mwingine.

"Mzee yuko Hanang," nikasema. "Wewe uko Mbulu. Nani atajua?"

"Mimi."

Nilitaka kurusha chaki. "Na nyumbani mnafanyaje? Mtu akikuuliza jina lake ghafla?"

"Aliye karibu ananitajia. Nikimpeleka mtoto hospitali Haydom, wakiniuliza dirishani, namgeukia mtu wa kwetu kwenye foleni, anataja. Hata mtoto anaweza."

"Jukwaani hakuna wa kukutajia. Baba yako ametoka. Wale wawili wako chini ya mablanketi, wamekatazwa kusema. Uko peke yako. Ndivyo mwandishi alivyotaka."

"Najua, Madam."

"Huyo mzee unayemheshimu, unajua anachokitaka? Anataka cheti. Amegombana na ndugu zake kwa ajili ya cheti. Ungempenda kweli ungelitaja hilo jina mara kumi, ukachukua cheti ukampelekea."

Alikunja karatasi zake. "Yeye ndiye aliyenileta hapa," akasema. "Leo nisimame mbele ya watu nimwite kama ninavyoita ndama?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu mkasa mzima, nikizunguka jikoni na kugonga masufuria. Mume wangu ni wa lile kundi la kimya. Huniita "mpenzi" kwenye simu tu, anapokuwa amesahau ufunguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza ugali wake, akasema, "Mwache." Nikamuuliza nimwacheje, ashindwe? Akanawa mikono, akaenda kuangalia ng'ombe. Katika tamthilia mwanaume wa aina hiyo anapendeza sana. Jaribu kuishi naye.

Mwalimu mwenzangu alishauri alitaje kwa kunong'ona, mtahini hatasikia vizuri lakini ataona mdomo. Nilimfikishia ushauri huo. Akasema, "Nitajitahidi, Madam," neno ambalo huku kwetu linaweza kumaanisha chochote, na mara nyingi linamaanisha hapana.

Siku ya onesho kulikuwa na ukungu mpaka ndani ya bwalo. Mtahini alikuwa baba wa makamo mwenye kikohozi, amevaa koti juu ya koti, akishikilia maandishi yetu kwa mikono miwili. Wanachuo walijaa. Mablanketi ya bweni yalikuwa tayari nyuma ya pazia. Nilikuwa nampaka poda mpishi wangu, mlinzi wa getini akaja mbio.

"Madam, kuna mzee anamtafuta mtoto wake."

"Asubiri nje mpaka tumalize."

"Ameshaingia."

Nikatoka. Mzee mrefu, mwembamba, shuka jeusi, fimbo mkononi, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe. Alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, karibu na mtahini, kwa sababu ya jicho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi. Unamtafuta nani?"

"Mtoto wangu."

"Binti yako yuko chuoni hapa?"

"Mke wa mwanangu," akasema. "Wangu."

Alinieleza bila haraka kwamba alikuwa Haydom kutibiwa jicho, wamemruhusu, na kabla ya kurudi Hanang ameona apande basi aje Mbulu aone masomo yalivyo. Nikamwambia jikoni kuna uji wa moto, akapumzike, tutamwita baadaye. Akasema ameshakunywa uji Haydom, wa kutosha. Nikamwambia onesho hili ni la kitoto tu. Akasema, "Ninapenda watoto," akaegemeza fimbo yake kwenye benchi. Kama ningeweza kumbeba ningembeba.

Mkwe wake alimwona kupitia upenyo wa pazia. Alivuta kanga ya maigizo akajifunika kichwa, akasimama ameupa ukuta uso wake mpaka zamu yake ilipofika. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, nikakuta maneno yote niliyonayo ni yale yale ya kila jioni. Nikarudi kwa mpishi na poda yangu.

Onesho likaanza, na mzee akaanza naye. Alijua Kiswahili cha mnadani, na mnadani watu hawanong'oni. Bwana mkubwa alipotoka na maneno yake matamu, mzee akamgeukia mwanachuo aliyekaa ubavuni kwake.

"Huyu ana ng'ombe?"

"Hana, mzee. Ana nyumba."

"Nilijua."

Mpishi na mjakazi walipoanza kutupiana vijiko, akasema, "Hawa ni mke na mume." Yule mwanachuo akamwambia bado. "Wameshakuwa," akasema mzee. Binamu alipozimia kwa mapenzi mara ya tatu, mzee akauliza kama huyo hajapelekwa Haydom. Bwalo zima lilikuwa linamsikiliza yeye. Mtahini alikohoa, akaandika. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nauma kucha.

Mkwe wake aliigiza amegeuza uso pembeni, kanga kichwani, akiongea na ukuta kuliko watu. Hata hivyo sauti yake ilifika. Mchunga ng'ombe aliporudisha mnyama wake na kuondoka bila kuaga, na yeye akabaki akiangalia njia, watu waliacha kucheka. Hata mzee alinyamaza.

Ikafika sehemu yenyewe. Tajiri akawafunika wachumba mablanketi ya bweni, akasema sharti lake, akatoka. Wakabaki wawili wamesimama wima, na yeye mbele yao.

"Ninayemtaka," akasema, "ni yule aliyetengeneza uzio wangu bila kuambiwa. Ni yule aliyerudisha ng'ombe wangu wakati mvua inanyesha. Ninayemtaka ni..."

Akanyamaza.

Nilisubiri. Mtahini akafunua ukurasa, akaurudisha, akaweka kidole kwenye mstari. Nilimwonesha kwa mikono kutoka nyuma ya pazia: sema, sema hata kwa kunong'ona. Midomo yake haikutikisika. Nilimwazia anavyopanda basi la kurudi, nikawaona wale wasichana wawili na ndama wao, na baba wadogo wakikaa vizuri kwenye viti vyao kumsikiliza mzee akinyamaza. Nilimchukia kwa muda mfupi, nasema kweli, yeye na ukoo wake wote na mwandishi aliyekufa zamani.

Kisha akageuka, akatazama watu. Hakumtazama mzee. Hakumtazama mtu yeyote. Aliinua mkono mmoja kidogo, kiganja juu, jinsi mtu anavyofanya akiomba apewe kitu kilicho mbali.

"Anatafuta nini?" mzee akauliza.

"Anatakiwa ataje jina la kijana," akasema yule mwanachuo, maskini wa watu, asiyejua lolote.

"Jina gani?"

Mwanachuo akamwinamia, akamwambia sikioni.

Mzee alilitazama jukwaa kwa jicho lake moja, akamtazama yule mwanamke aliyejifunika kichwa, na ule mkono uliokuwa bado uko hewani. Akachukua fimbo yake, akasimama. Akalitaja jina lake mwenyewe, wazi, lote, kwa sauti ya mtu anayeitika.

Mkwe wake akashusha mkono.

"Huyo," akasema.

Kijana akajifunua, akajikwaa kwenye blanketi lake, nusura amwangukie mwenzake. Watu walipasuka kwa kicheko na makofi, madirisha yakatetemeka. Mpishi na mjakazi waliingia kabla ya wakati wao wakakumbatiana. Mzee alikaa chini akaweka fimbo pale pale ilipokuwa. Mimi nilikaa juu ya ndoo nyuma ya pazia nikalia, tena kwa hasira, kwa sababu muhula mzima nilikuwa nimemwambia yule dada kwamba hakuna wa kumtajia.

Watu walipokuwa wanatoka, mtahini alinifuata na karatasi zake.

"Yule mzee wa mwishoni," akasema, "yumo kwenye maandishi?"

"Yumo," nikasema.

"Simwoni."

"Mwalimu, ukungu wa leo mtu haoni vizuri."

Alinitazama juu ya miwani. Akatazama karatasi, akakohoa. "Anaigiza vizuri," akasema. "Mmempata wapi?"

"Hanang."

Akaandika kitu, akakunja karatasi. Sijui aliandika nini, lakini matokeo yalipotoka dada yule alikuwa amefaulu, na vizuri. Leo anafundisha shule ya msingi huko huko tambarare, na mmoja wa wale wasichana ameshaleta maombi chuoni kwetu. Nimeyaona mezani kwa mkuu. Nimeomba asiwekwe darasani kwangu, nikaambiwa somo ni langu peke yangu.

Siku ile, lakini, kabla ya matokeo, tulimpeleka mzee kunywa chai. Mkwe wake alimwandalia, akamkaribisha kwa heshima, akasogea pembeni na kikombe chake. Nikabaki mimi na mzee. Nilikuwa na njaa, nimechoka, na nilitaka mtu mmoja anieleze kitu kimoja siku hiyo.

"Mzee, ulijuaje cha kufanya?"

"Aliomba atajiwe," akasema.

"Lakini lilikuwa jina lako."

"Ndiyo. Nalijua vizuri."

Nikamuuliza kama amelipenda onesho. Alipuliza chai. Akasema lilikuwa zuri, watoto wamejitahidi, ila kuna jambo moja halijamkaa. Yule binti anaolewa. Baba wa mume yuko wapi? Hakumwona. Nikamwambia amuulize aliyeandika, na aliyeandika ameshakufa. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, kama tumempoteza karibuni.

Tukamsindikiza getini. Mimi nilikuwa nimebeba mzigo wa mablanketi ya kurudisha bwenini, yamenifika kidevuni. Bodaboda ilikuwa inamsubiri barabarani kumpeleka stendi, na mzee akatangulia, akapanda nyuma ya dereva, akaweka fimbo yake vizuri. Mlinzi wetu ni mtu wa utaratibu hasa wakati usiotakiwa. Akamzuia yule dada mlangoni.

"Mgeni wako hakuandikishwa wakati anaingia. Anaitwa nani?"

Dada akaitazama bodaboda.

"Dada, nakuuliza. Mgeni wako anaitwa nani?"

Bodaboda ilikuwa inaunguruma. Mlinzi alikuwa ameshika kalamu. Dada alirekebisha mtandio wake kichwani, kisha mkono wake mmoja ukageuka, pale pale chini, ubavuni mwake, kiganja juu. Hakunitazama.

Nikalitaja mimi.

"Nimemuuliza yeye," akasema mlinzi.

"Na mimi nimekujibu. Andika."